Tundu Chini ya Kiti cha Redio

Mtoto alikuwa na jina lake zuri tu kwenye cheti, ila nyumbani hakuna aliyelitumia. Walimwita Redio, kwa sababu tangu ajue kuunganisha maneno mawili hakuna aliyeweza kumzima. Alizungumza akila, akioga, akiwa ameketi ndani ya beseni la nguo chafu. Aliuliza maswali na kuyajibu mwenyewe. Mdomo huo aliurithi kwa mama yake, fundi cherehani, ambaye hata akiwa amebana pini katikati ya meno aliweza kukusimulia habari za mteja toka mwanzo hadi mwisho. Kwa baba hakurithi neno. Baba yake alikuwa seremala, mtu wa "ndiyo", "hapana" na "nakuja", na hiyo "nakuja" ukiipata ushukuru.

Usingizi wa mchana Redio hakuutaka hata kuusikia, mpaka ilipopatikana dawa. Mama akiona nguo za wateja zimemzidi, alisema, "Baba Redio, mzungushe kidogo." Seremala alimpakia mtoto kwenye gari lake kuukuu la kubebea mbao, akamkalisha nyuma kwenye kiti alichomchongea mwenyewe. Kilikuwa kiti cha mbao ngumu, kimefungwa kwa bolti zilizopenya hadi chini ya sakafu ya gari ili kisicheze hata breki zikipigwa ghafla, na mto wake ulishonwa na mama. Kabla hawajafika kituo cha mafuta, Redio alikuwa kimya kama maji ya mtungini. Familia nzima iliuchekea ujanja huo. Wifi yake mama, aliyekuwa akikaa nao, alisema gari lile lilizaliwa liwe yaya likakosea njia.

Siku za karibuni gari lilikuwa limeanza kunguruma. "Bomba la moshi," seremala alisema alipoulizwa. "Nitaliangalia." Mama hakumsukuma. Alidhani mngurumo wenyewe ndio uliombembeleza mtoto.

Ijumaa hiyo mvua ilinyesha, na vioo vya nyuma vilifungwa vyote. Seremala aliendesha na kioo chake kikiwa wazi kama kawaida yake, kiwiko nje, mvua isimwambie kitu. Aliporudi aliingia na mtoto begani.

"Leo amelala kweli kweli," alisema.

Mama alimpokea huku macho yakiwa bado kwenye kitambaa. Ndipo akahisi uzito. Mtoto anayelala huwa na ukaidi fulani mwilini. Hujikunja, hutafuta shingo yako. Huyu alining'inia. Mama alimwita, akamtikisa, akampuliza usoni. Redio alifumbua macho nusu, akamtapikia kifuani, akayafumba tena.

Mama alimgeukia mumewe. "Umempa nini?"

"Sijampa kitu."

"Mtoto huyu ana nini, we baba?"

Seremala alisimama pale pale, mikono bado imekaa kama imebeba mtoto. Mama hakumngoja. Alitoka mbio hadi barazani, akamwita jirani mwenye pikipiki kwa sauti iliyowatoa watu ndani, na wakaondoka hivyo hivyo, mvua ikiwapiga. Ile hewa ya barabarani, daktari alisema baadaye, ndiyo iliyoanza kumponya mtoto kabla hajafikishwa kwake.

Daktari alimvisha Redio barakoa ya hewa ya oksijeni na kuanza kuuliza. Mnapikia mkaa ndani? Hapana. Kuna jenereta? Hapana. Alikuwa wapi? Kwenye gari. Akamgeukia seremala, ambaye alikuwa amefika kwa miguu, ameloa chapachapa. "Wewe kichwa kinakuuma?"

"Kila siku," seremala alisema. "Nadhani ni vumbi la mbao."

"Si vumbi. Ni moshi wa gari. Ile hewa mbaya yenyewe haina harufu wala rangi. Mtu husinzia tu. Mtoto huyu hakuwa analala, baba. Alikuwa anazimika."

Njia nzima ya kurudi mama alimkumbatia Redio, ambaye alikuwa ameamka na kuomba maji, na hakumruhusu mumewe hata kumbebea mtandio.

Asubuhi mama aliamshwa na kelele za jeki. Gari lilikuwa katikati ya ua, limeinuliwa, limekalishwa juu ya magogo, na miguu ya mumewe ilikuwa imechomoza chini yake. Akasimama kando ya miguu hiyo.

"Mafundi wapo," alisema. "Lipeleke."

"Nataka kuona mwenyewe."

"Hata ukiona, mwanangu hakai tena humo."

Miguu ilitulia kidogo. Halafu spana ikaendelea kugonga.

Mama alilizunguka gari kwa hasira, akafungua mlango wa nyuma na kuung'oa ule mto alioushona ili auondoe humo. Akaugeuza. Kitambaa alikichagua mwenyewe, cha manjano, na upande wa chini, palipolalia mwanya wa mbao za kiti, sasa kilikuwa na doa jeusi. Akalipangusa kwa kidole. Ni masizi. Akafunua zulia la sakafu, na pale, kando ya bolti ya kiti, kulikuwa na tundu ambalo halikuwa na bolti yoyote. Aliinama. Kupitia tundu hilo alimwona mumewe uso kwa uso, amelala chali, tochi mdomoni.

Walitazamana kupitia sakafu ya gari. Seremala ndiye aliyeyaondoa macho.

Ubovu wa bomba aliukuta upesi. Kwanza alilipaka povu la sabuni kwenye maungio yote likiwa bado baridi, kisha akamwomba dada yake, yule wifi, awashe injini. Yeye mwenyewe alivaa glavu nene akaziba ncha ya bomba kwa tambara bichi, kwa muda mfupi tu. Kwingine povu lilikaa. Kwenye ungio la kabla ya sailensa, kile kipunguza sauti cha bomba, moja kwa moja chini ya kiti cha mtoto, liliumuka, likapasuka, likatema mate meusi. Gasketi, ile pete ya kuzibia ungio, ilikuwa imeungua na kuliwa upande mmoja, na bolti moja ilikuwa imekatika zamani, haijulikani lini. Moshi ulitoka hapo, ukapanda, ukakuta lile tundu limeachwa kama mlango wazi.

Alikwenda dukani akarudi na gasketi mpya na bolti mpya. Bolti za zamani zilikuwa zimeshikwa na kutu mpaka zikawa kitu kimoja na chuma. Alizimwagia mafuta, akangoja, akazipiga, akazikata kwa msumeno, jasho likimwingia machoni. Alifunga mpya akakaza zamu kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, kama anavyokaza fremu ya mlango. Lile tundu alilifunika kwa bati nene, akalikandika gundi ya magari juu na chini. Alipaka povu tena. Injini ikaunguruma kwa sauti ya adabu, na safari hii povu lilikaa limetulia mpaka likakauka.

"Haivuji," alisema.

Mama alikuwa mlangoni, mikono ameifunga kifuani. "Nitajuaje? Daktari amesema haina harufu."

Seremala alifuta mikono, akafungua mlango wa nyuma, akajikunja ndani mpaka kichwa chake kikalala juu ya kiti cha mtoto.

"Washa," alisema. "Funga vioo vyote. Nitakaa muda ule ule wa kumzungusha."

"Una wazimu?"

"Nitakuwa nazungumza. Nikinyamaza, fungua."

Mama alitaka kumkatalia. Lakini alijua kwamba bila hivyo hataliamini tena gari hilo, wala mkono uliolitengeneza, na hofu yake mwenyewe ilimtisha kuliko moshi. Akawasha, akafunga, akashika kitasa cha mlango wa nyuma kwa mikono miwili. Wifi alikuwa barazani, amempakata Redio.

Sasa hebu mfikirie mtu asiyejua kuongea, akaambiwa aongee asife. Seremala alianza na kazi. Alitaja kabati la mwalimu, milango miwili, rafu tano, droo zisizokwama. Akataja kitanda cha bibi harusi na vipimo vyake. Akataja bei ya misumari. Kila aliposita mama aligonga kioo, na yeye akarukia kitu kingine kama mwanafunzi asiyejua jibu. Akahesabu misumeno yake. Akasema sufuria la maharage jana lilizidi chumvi. Wakati mwingine mama angecheka, lakini hakukiachia kitasa.

"Endelea!"

"Kiti nilikipima mara tatu," alisema ndani, sauti ikipita nyembamba kwenye kioo. "Tundu moja nililitoboa vibaya, nikatoboa jingine pembeni. Lile la kwanza nililiona. Nikasema nitaliziba kesho. Nikavuta zulia juu yake. Nikasema nani atalitazama..."

Halafu kimya.

"Baba Redio!"

Kimya. Akauvuta mlango kwa nguvu hata akajigonga goti. Mumewe alikuwa amelala pale pale, macho wazi, shavu juu ya mbao za kiti, na machozi yalikuwa yakimshuka kwenye pua bila sauti.

"Kichwa kinauma? Unaniona?"

"Nakuona. Kichwa hakiumi."

"Sasa mbona umenyamaza!"

"Maneno yameisha," alisema.

Mama alitaka kumpiga. Akaketi kwenye kizingiti cha gari badala yake.

"Umefungua," seremala alisema. "Hewa imeingia. Itabidi nianze upya."

"Toka."

"Muda haujatosha."

"Toka, nimesema. Anza kushika kitasa wewe."

Mama akaingia yeye, akalaza kichwa kwenye kile kiti, na mlango ukafungwa. Yeye maneno hayamwishii, kila mtu anajua. Lakini alikaa kidogo kabla ya kuanza, na kwenye kioo akaiona sura ya mumewe ikibadilika.

"Nipo," alisema haraka. "Nasema. Ni mimi niliyekuwa nasema mzungushe kidogo. Kila siku, mimi. Nilikuwa napenda akinyamaza. Ukirudi naye amelala nilikuwa nafurahi, nakwambia kweli, nilikuwa nasema afadhali, nimalizie shati la watu. Mara mbili aliamka akasema kichwa, mama, kichwa. Nikamwambia ni njaa. Unanisikia?"

"Nakusikia," seremala alisema, uso umegusa kioo.

Akasema mengine mengi, na baada ya kila neno mumewe alijibu, ndiyo, nakusikia, mpaka muda wote ukatimia na akatoka na kichwa chepesi, kinachouma kwa kulia tu.

Alikwenda barazani akamchukua Redio mikononi mwa wifi. Akasimama naye mbele ya mumewe kwa muda, kisha akamweka begani kwake. Seremala alimshika kwa woga, kama siku ya kwanza alipopewa.

"Mzungushe kidogo," mama alisema. "Kwa miguu."

Hawajafika hata getini, Redio alikuwa ameshauliza kwa nini baba ana mafuta puani, kwa nini gari linavaa magogo, na kuku analala saa ngapi. Mama alibaki uani na spana miguuni, akisikiliza. Aliwasikia mpaka walipokata kona, na hata hapo sauti ya mtoto ilikuwa bado inasikika, na chini yake sauti ya mumewe, ikijitahidi kujibu.