Kiwiko cha Zephania

Zephania Wambua aliletwa Riyadh kurusha mpira. Besiboli ilimtoa Machakos, ikampa mkataba na klabu ya kulipwa, na kwa miaka minne hakuwa na ugomvi na mtu isipokuwa mpigaji aliyesimama mbele yake na gongo. Mdakaji wake, Gilbert, alikuwa Mkenya mwenzake kutoka Migori. Walikaa chumba kimoja karibu na mtaa wa Batha.

Mwezi wa Februari kiwiko cha kulia cha Zephania kilianza kuuma kila aliporusha mpira wa kasi. Alimwambia Gilbert peke yake.

"Nenda kwa daktari," Gilbert alisema.

"Nikienda wataniacha. Wewe nyamaza tu."

Siku tisa baadaye meneja wa klabu alimwita ofisini, akamwonyesha barua ya kuvunja mkataba. "Kiwiko chako kimekwisha," alisema. "Mdakaji wako ametuambia. Halas, yamekwisha."

Zephania alimkuta Gilbert chumbani, amelala kitandani na simu mkononi.

"Umeniuza."

"Nimesema ukweli. Mipira yako ilikuwa inapigwa na kila mtu, na lawama zinanijia mimi."

"Ungeniambia mimi kwanza!"

"Nilikuambia mara mbili. Wewe husikii mtu."

Zephania alifungasha nguo zake. Gilbert alinyoosha mkono wa kuagana, Zephania akaupita kama haupo.

Klabu hiyo ndiyo iliyokuwa kafili wake, mdhamini wake kisheria nchini humo. Ilikubali kuhamisha ikama yake, kibali cha ukaazi, kwenda Jeddah, kwa timu iliyoshika mkia. Kocha wa huko, Duncan, alimpumzisha miezi mitatu mizima. Kiwiko kikapona kabisa, na kupona huko kulimuudhi Zephania kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu daktari alimwambia kwamba kama angeendelea kurusha mpaka Machi, kano ingekatika.

Mwezi wa Mei timu ya Riyadh ilikuja Jeddah. Joto la alasiri lilikuwa la kunata. Mpira ulilowa jasho kila Zephania alipoushika. Zamu ya Gilbert kupiga ilipofika, aliingia akitafuna kitu, akamtazama Zephania.

"Kiwiko kinasemaje?" aliuliza kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe.

Mpira wa kwanza ulipita karibu na mbavu zake. Gilbert akaruka nyuma. Mwamuzi akamwonya Zephania kwa kidole. Mpira wa pili ulipita katikati, safi. Wa tatu Zephania aliutuma pale pale alipotaka: kwenye vidole vya mkono wa kulia vilivyoshika gongo. Mlio wa mfupa ulisikika hadi kwenye benchi. Gilbert alipiga magoti, ameukumbatia mkono wake, akimtukana Zephania na ukoo wake wote. Zephania alisimama palepale mpaka mwamuzi alipomtoa uwanjani.

Jumatatu waliitwa mbele ya kamati ya nidhamu Riyadh. Mlangoni Duncan alimshika bega.

"Sikiliza wewe. Jeddah ina unyevu, kila mtu anajua. Sema mpira uliteleza. Utafungiwa mechi tano, tutaendelea."

Gilbert alikuwa ameshaketi ndani, mkono kwenye plasta. Mwenyekiti aliuliza, mkalimani akatafsiri: je, ilikuwa ajali?

"Hapana," Zephania alisema. "Nilimlenga."

Duncan alifumba macho. Mwenyekiti akamwambia mkalimani arudie swali, labda halikueleweka.

"Limeeleweka. Nilimlenga mkono. Sikutaka afikirie kwamba uliteleza."

Walimfungia misimu miwili. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Hakuna timu ambayo ingemngoja. Duncan aliondoka bila kumuaga.

Kwenye korido Gilbert alimsubiri.

"Daktari anasema kidole hiki hakitakunjika tena. Unadhani nitakuomba msamaha kwa lile la Februari?"

"Sijakuomba uniombe."

"Vizuri. Kwa sababu ningewaambia tena. Leo hii ningewaambia."

"Na mimi ningerusha tena."

Walitazamana hapo, watu wakipita kati yao na mafaili. Zephania alikuwa amefikiria kwamba akishasema kweli mbele ya watu kifua kingekuwa chepesi. Hakikuwa chepesi. Alitamani Gilbert aseme neno moja zaidi, apate sababu ya kumpiga. Gilbert aligeuka akaenda zake.

Mwezi uliofuata Zephania alipata kazi ya ukarani katika bandari ya Jeddah, kuhakiki namba za makontena. Wenzake wa ofisini, Watanzania wawili na Mganda, walimwona mrefu, mabega mapana, wakamuuliza kama aliwahi kucheza mchezo wowote.

"Sipendi michezo," alisema, akaendelea kuandika.