Haikuwa Baiskeli

Baiskeli. Ndivyo ukoo ulivyokubaliana wakiwa bado kwao Mlabani, damu haijakauka: Marselino kaanguka na baiskeli, kajigonga kidevu. Eufrasia, mkewe, aliambiwa afunge mdomo, naye akaufunga mpaka hospitalini. Baiskeli gani? Mumewe kapigwa mpini wa jembe na Silvano, mdogo wake wa tumbo moja, kisa tuta la mpaka kwenye shamba la mpunga. Pigo la kwanza lilivunja taya. La pili lilitua katikati ya macho. Na huyohuyo Silvano ndiye kakaa ubavuni mwa kitanda, kashika chupa ya maji, eti anauguza.

Leticia, mtaalamu wa usingizi, alikuja kumwandaa mgonjwa kwa upasuaji. Alieleza kwamba meno yatafungwa waya, kwa hiyo mpira wa kupumulia utapitia puani badala ya mdomoni. Akamziba Marselino tundu moja la pua, akamwambia avute hewa kwa lingine, kisha akabadilisha, apate kujua lipi lina nafasi zaidi.

"Puani hakutoki maji? Meupe, kama ya kunywa?"

"Ni mafua tu, sista," Silvano akawahi.

Mafua, mtu mzima anasema bila haya. Tangu jana Eufrasia alikuwa akiyafuta maji hayo kwa kanga yake, kila mumewe alipoinama.

"Nauliza kwa sababu mfupa wa chini ya ubongo ukipasuka, maji ya ubongo hutokea puani, na mpira unaweza kupotea njia ukaingia kwenye ubongo," Leticia alisema. "Baba, uliumia kidevu tu?"

Marselino akaitikia kwa kichwa, huku macho yakimwomba mkewe anyamaze. Hapo Eufrasia akachemka. Mtu yuko radhi kufa ili mdogo wake asiitwe polisi.

"Hakuna cha baiskeli. Shemeji yangu huyu hapa kampiga mpini, wa taya na wa hapa katikati ya macho. Maji yanamtoka tangu jana, si mafua wala nini."

"Basi puani hatupiti," Leticia alisema. "Apigwe picha ya kichwa kwanza. Ikibidi, njia ya hewa tutaitoboa shingoni." Akatoka kumwita daktari.

"Umetuuza, shemeji," Silvano alisema.

Aliyemuuma Eufrasia ni Marselino, aliyegeukia ukutani na kuuchomoa mkono wake mkononi mwa mkewe. Eufrasia akaushika tena, kwa nguvu.

"Ukipona uniache," alimwambia. "Lakini upone kwanza."