Upawa wa Kudumu

Asubuhi ya Jumanne, kabla ya chai ya saa nne, mchotaji wa kiwanda cha masufuria aligundua kwamba vidole vyake vya mkono wa kulia vimekuwa alumini. Alikuwa akiengua ukoko, maana ndivyo wafanyakazi walivyoliita lile tabaka chafu linaloelea juu ya alumini iliyoyeyuka, na mpini wa upawa ukalia kama kengele mkononi mwake. Alijaribu kukunja ngumi, ikakubali kwa shida. Akamaliza kujaza kalibu zilizobaki, akaenda kunywa chai kwa mkono wa kushoto.

Kufika Alhamisi alumini ilikuwa imepita kiwiko.

"Lala upande ule," mkewe alimwambia. "Mkono wenyewe wa baridi." Lakini alfajiri mume aliamka akamkuta ameukumbatia, analia.

Muuguzi wa zahanati aliugonga kwa kalamu, akasikiliza. Wiki ile alikwishapokea goti la mtu wa mashine ya mabamba, nalo limekuwa alumini.

"Baba, dawa ni moja," alisema. "Kaa mbali na tanuri miezi mitatu, nyama itarudi. Ukiendelea na kazi, itafika moyoni, na hapo mimi sina la kufanya."

Basi ikabaki fomu ya likizo ya ugonjwa. Fomu hiyo ilikubali tu maneno yaliyomo katika Kitabu cha Istilahi za Kiwanda, kazi ya kamati iliyoongozwa na mkwe wa meneja, mtu ambaye hajawahi kusogelea tanuri hata kwa kuwasha sigara. Penye wengi hapaharibiki neno, wahenga walisema, lakini hawakuiona kamati hii. Ilikaa vikao kumi na viwili hotelini. Ukoko ukaitwa "masalio ya uso wa kimiminika". Wafanyakazi waliendelea kusema ukoko, na tanuri likaendelea kuwaelewa.

Karani, binti mwenye roho nzuri, alimwamkia shikamoo, akakipekua kitabu kutoka jalada hadi jalada.

"Hapa kuna maneno thelathini na moja ya alumini kuharibika," alisema. "Kupinda, kutoboka, kuchanika, kufanya mapovu. La mtu kuharibika sijaliona."

"Si uandike tu mkono umekuwa alumini?"

"Nikiandika hivyo, baba, kompyuta inaniuliza alumini ya daraja gani."

Kamati ikaitwa kwa dharura. Ilikula kwanza, kisha ikaupima mkono, ikakuta ni alumini safi kuliko ile ya kuagiza. Wajumbe walifurahi kwa dhati, wakampongeza mchotaji kwa mkono wa heri. Wakaupa istilahi, "upawa wa kudumu", na kuuingiza kwenye orodha ya vifaa. Kifaa hakina likizo. Kina matengenezo, kwa hiyo kila Ijumaa fundi alimpaka grisi kiwikoni.

Upawa wa zamani ukachukuliwa, naye akawa anachota kwa kiganja. Kiganja hakikuyeyuka. Alumini ndiyo iliyozidi kupanda.

Na kwa kuwa kifaa hakitoki kiwandani bila hati, mlinzi wa geti akaanza kumzuia jioni. Ikabidi mkewe aje kumsainia: mkono mmoja, wa kulia, umetoka saa kumi na moja. Asubuhi anaurudisha. Baada ya wiki mbili akawa anasainia na bega pia. Kisha mbavu. Mama wa watu alikuwa na hasira ya kubomoa geti lile, lakini bila saini mumewe haendi nyumbani, kwa hiyo alisaini kwa hati nzuri.

Jioni moja mlinzi alitoka na utepe wa kupimia. Akampima mchotaji mara mbili, kwa adabu, asije akamdhulumu mtu.

"Shemeji, sehemu yetu leo imepita nusu," alisema. "Kanuni inasema analala ghalani."

"Na moyo je?"

"Moyo bado wake. Ila uko ndani ya mali ya kampuni."

Mchotaji alitaka kumshika mkewe bega, akakumbuka uzito wa mkono, akauacha.

"Nenda, mama," alisema. "Watoto wasilale na njaa."

Mlinzi akaligeuza daftari, safari hii upande wa wanaokabidhi. Mke akasaini. Halafu akaomba risiti, akapewa.