Magauni Meupe ya Wauguzi

Fundi viatu wa jirani, ambaye mtaa mzima unamwita Redio, anasema tableti ya mjomba ilimeza magauni ya wauguzi. Anasimulia akiwa kashika kiatu cha mtu mkononi: eti iliwaka taa nyekundu, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na nguo zote za zahanati zikabadilishana zenyewe. Eti mimi nilisimama pale nimeduwaa, kidole hewani. Watu wanacheka, naye anazidi kutia chumvi.

Mimi nilikuwepo. Hakuna taa iliyowaka.

Sisi ni madobi. Dukani kwetu, tangu enzi za bibi, nguo ya mteja hushonwa nyuzi fupi ndani ya kola, na rangi zile ndizo jina la mwenyewe. Nyekundu na kijani ni mwalimu wa ghorofani. Bluu tupu ni kinyozi. Maji hayazitoi, wala sabuni.

Mjomba alinunua tableti baada ya kuona dobi wa ng'ambo ya barabara anawatumia wateja ujumbe kwenye simu kwamba nguo ziko tayari. Wivu ulimpanda. Aliyemuuzia alikaa nasi asubuhi moja, akatuonyesha, akaenda zake. Mjomba alikibonyeza kile kioo kama anayepima parachichi sokoni, akachoka, akaniachia mimi. Nilikuwa natoka kwenye beseni, vidole vimechanika kwa sabuni. Nikajikausha, nikakaa kwenye kiti cha kaunta. Niliishia shule ya msingi, lakini kusoma kilichoandikwa naweza, na kusubiri naweza zaidi. Pale nilipokosea nilirudi nyuma, nikajaribu tena. Mjomba akaanza kuniita Profesa. Alikuwa anatania, lakini wateja wakija alilitamka kwa sauti kubwa.

Nikawa naingiza nguo kidogo kidogo: nguo yenyewe, mwenye nayo, rangi za nyuzi zake. Nilikuwa nimemaliza ya mwalimu na ya kinyozi. Wauguzi walikuwa bado.

Siku moja nilitumwa sabuni. Niliporudi nikamkuta mjomba amekaa na wapiga pasi wetu, kila mtu na wembe wake, wanafumua nyuzi kwenye kola. Sakafu imejaa rangi.

"Karibu, Profesa," akasema kwa furaha. "Tumeshaingia kwenye kompyuta. Mambo ya bibi basi."

Magauni ya wauguzi yalikuwa yamelala mezani, meupe yote, mshono mmoja. Nikamuuliza taratibu, lipi ni la nani. Akanyoosha kidole kwenye tableti.

"Iulize."

Mjomba aliamini kabisa kwamba mashine ikishaingia dukani inajua kila kilichomo dukani. Nilipomweleza kwamba inajua tu ninachoiambia, akasema gauni ni gauni, yapelekwe.

Jioni Sista mkuu wa zahanati akapiga simu. Yule muuguzi mwembamba alivaa gauni linalomtosha yeye na mgonjwa wake, na yule mnene hakuweza hata kuinama. Kesho anakuja mwenyewe.

Mjomba akanipangia la kusema. Tutamwambia Sista ni mashine iliyokosea. Mashine haina uso wa kuona haya, na siku hizi hata maofisi makubwa husingizia mashine. Kisha tableti itarudishwa kwa aliyeiuza, na mimi nitarudi kwenye beseni, maisha yaendelee.

"Mjomba," nikasema, "mashine haina mikono ya kufumua nyuzi."

Akaniambia nimeota mapembe. Akauliza tangu lini natetea kioo kuliko damu yangu.

"Sitetei kioo. Natetea kiti changu. Beseni sirudi, na uongo huo sisemi."

Wapiga pasi wakainamia pasi zao kana kwamba nguo zimeanza kuungua.

Asubuhi Sista akaingia na furushi, akalitua kwenye kaunta. Redio akavuka kutoka kwake, kiatu mkononi, akajifanya anatafuta uzi. Sista akataka kujua aliyefanya mambo haya ni nani. Mjomba akatabasamu meno yote, akamwambia mimi ndiye mwenye mashine, nitamweleza.

Nikatoa gauni la juu. Nikamuuliza Sista ni la nani. Akanikodolea macho, kisha akanitajia. Nikatia uzi kwenye sindano, njano na nyeusi, nikashona kola, nikaandika kwenye tableti.

Mjomba akanisogelea, akainama sikioni kwangu. Safari hii hakuniita Profesa.

"Mwanangu, nakuomba. Usiniaibishe. Mwambie ni mashine."

Nikamuuliza Sista gauni la pili ni la nani.