Jezi Iliyopigwa Pasi

Kifuniko cha pasi ya makaa kililia kli, kikafungika, na jogoo mdogo wa shaba aliyekuwa komeo lake akatulia. Majengo ilikuwa bado imelala. Mwanasiti alisimama mlangoni akaipunga pasi huku na huku ili makaa yashike, cheche mbili tatu zikaruka gizani, kisha akarudi ndani kwenye meza aliyoitandika blanketi kuukuu.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya mechi. Jezi za timu ya Mwangaza zilifuliwa kwake, zikaanikwa kwake, zikapigwa pasi kwake, kwa kuwa kocha wa Mwangaza alikuwa Muhidin, mwanawe wa pekee. Jambo lilianza kama msaada tu. Miaka ikapita, likawa desturi ya timu. Aliyekabidhiwa jezi yenye mstari wa pasi mkononi alijua anacheza. Aliyepewa yenye makunyanzi alijua atakaa benchi, na hakuuliza. Na jezi ya Mama Muhidin ikishavaliwa na pasi yake, hakuna aliyemvua mtu, ila awe ameumia. Kumvua kungekuwa kama kumpokonya mgeni sahani naye ameshanawa mikono.

Kwa hiyo Mwanasiti, ambaye hata sheria ya kuotea hakuijua, ndiye aliyekuwa wa kwanza Majengo nzima kujua nani anacheza.

"Tano na kumi ziache," Muhidin alisema alfajiri hiyo, akifunga vifungo vya kanzu.

Namba tano alikuwa Aweys, beki, aliyebeba mizigo ya maduka ya jumla kule Eastleigh. Namba kumi alikuwa Muindi, mchonga vinyago wa karibu na Gikomba. Mpira ukifika miguuni mwa Muindi, hata wauza karanga waliacha kuuza.

"Aweys na Muindi? Kwani wamekosa nini?"

"Hawajakosa. Wapumzike."

"Leo, baba? Siku ya nusu fainali?"

"Mama! Mpira niachie mimi!"

Sauti ilipiga ukuta ikarudi. Jirani wa chumba cha pili akakohoa, kikohozi cha mtu anayesema nimesikia. Muhidin alikuwa hivyo. Uwanjani alitupa kofia chini akaikanyaga, akawaita wachezaji majina ya wanyama wa porini mmoja baada ya mwingine, na baada ya mechi akawatembelea nyumba kwa nyumba kuuliza kama wamekula. Hata sasa alisimama kidogo, akainama, akachukua koleo, akaongeza makaa mawili ndani ya pasi, akapuliza majivu pembeni yasije yakaangukia jezi nyeupe. Tangu utotoni aliomba radhi kwa mikono, mdomo ulimshinda.

Kisha akatoka kwenda msikitini.

Mwanasiti akapiga pasi jezi zote za watakaocheza. Zikabaki mbili kwenye kiti, zimejikunja kama watoto walionyimwa kitu. Alizitazama. Jana jioni Idarusi, mwenyekiti wa timu, alikuwa amesimama pale pale kizingitini, kofia mkononi, akasema kwa upole, "Mama, mwanao namheshimu. Lakini watu wamechoka na habari zake za kupumzisha nyota. Kesho akifungwa na nyota wamekaa, kamati itampa timu mtu mwingine. Usiseme sikukuambia."

Na Mwanasiti aliijua nyumba hii bila timu. Lela, mke wa Muhidin, alipofariki, Muhidin alilala akiutazama ukuta, wiki ikaingia wiki, mpaka siku Muindi alipobisha hodi na jezi chafu kichwani akasema, "Kocha, tumekuja mazoezi." Siku hiyo hiyo alimletea Mwanasiti mwiko aliouchonga mwenyewe, mpini wake shingo ya twiga. Timu ndiyo iliyomtoa mwanawe kitandani. Wakiichukua, nani atamtoa tena?

Mkono ukaenda wenyewe. Akazipiga pasi zile mbili, taratibu, kola kwanza, kisha mikono. Hakuwa na nia ya kumpinga mwanawe. Alifanya kama mama anavyomfunikia chakula mtoto aliyesusa: hasemi naye, anakiweka tu, akibadili mawazo akikute. Akazikunja, akazifunga ndani ya leso, akazitia chini kabisa ya mfuko wa timu.

Uwanja wa Kaloleni ulijaa mapema. Jirani yake, Koki, mwanamke wa Kitui mwenye roho ya kugawa, alimbebea stuli kichwani njia nzima na kumwekea mahali pasipo na jua la macho. Muindi alikuwa benchi, amevaa shati lake la kazini lenye vumbi la mbao. Alipomwona alisimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unakanyaga hivyo?"

"Nimekalia mguu nikichonga. Umekufa ganzi tu," akacheka, akakaa upesi.

Mwanasiti akaamini. Baadaye alikuja kulikumbuka lile kukaa upesi.

Timu ya Bahati ilifunga bao mapema. Watu wakaanza.

"We Muhidin! Namba kumi umemweka kwa sanduku? Ni nguo ya Idi?"

"Atamtoa mwezi ukiandama!"

"Mama Muhidin, mtoto wako hakulala vizuri, mrudishe nyumbani!"

Koki aligeuka akawaambia, "Nanyi nyumbani kwenu hakuna mama?" Wakanyamaza kidogo, wakaendelea. Muhidin alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kofia ilikuwa tayari chini, imekanyagwa. Lakini benchi hakulitazama hata mara moja.

Wakati wa mapumziko Idarusi alipiga magoti kwenye mfuko akitafuta machungwa. Mkono wake ukashika leso. Akaifungua. Akazinyanyua zile jezi mbili, moja kila mkono, na mistari ya pasi ikaonekana na kila mtu.

"Mbona hizi zimepigwa pasi?"

Wachezaji wakatazamana. Uso wa Muindi uliwaka kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake na mfalme.

"Kocha! Kumbe umenipangia kipindi cha pili, na hukusema!"

Idarusi akampa Aweys yake kwanza. Aweys aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaikunja tena vizuri. "Mimi kocha anajua," alisema. "Wiki nzima nimebeba magunia, miguu haipo. Nisamehe, Bibi. Pasi yako sijaidharau." Akakaa.

Lakini Muindi alikuwa ameshavua shati. Kichwa kikaingia kwenye jezi, kikatokea upande wa pili kikicheka. Namba kumi ikakaa mgongoni, nyeupe, imenyooka.

Muhidin alifungua mdomo.

Kila mtu alijikunyata akingoja. Mwanasiti naye alingoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba mwanawe apige kelele, aseme "Vua!", atupe kofia, amwite Muindi fisi, amwite ngiri. Muhidin aliigeukia stuli. Alimtazama mama yake mbele ya watu wote wa Majengo na wa Bahati. Mwanasiti akaona, waziwazi kama anavyoona doa kwenye nguo nyeupe, kwamba mwanawe anaweza kumfokea chumbani mpaka ukuta utikisike, lakini hawezi kukataa kazi ya mikono yake hadharani. Alitaka kusimama aseme, nimekosea mimi, mvue. Lakini filimbi ya mwamuzi ilikuwa imeshalia kuwaita.

"Nenda," Muhidin alisema, kwa sauti ndogo sana.

Muindi alicheza kama mtu aliyedaiwa furaha. Alimpasia mwenzake wakasawazisha. Watu wakapanda juu ya mabega ya watu. Kisha akachukua mpira pembeni, akampita mmoja, akampita wa pili, akafunga mwenyewe. Waliokuwa wakimtukana Muhidin sasa waliimba jina lake. Koki alimkumbatia Mwanasiti mpaka leso ikamwanguka. Mwanasiti hakuimba. Alikuwa anamtazama Muhidin, aliyesimama mikono kichwani, kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua ng'ambo ya mto.

Mechi ikielekea mwisho Muindi aligeuka ghafla kuufuata mpira. Hakuguswa na mtu. Mguu ulibaki, mwili ukaenda. Akaanguka, akashika goti, na ukelele alioutoa ukanyamazisha uwanja mzima.

Muhidin ndiye aliyefika wa kwanza. Aliiokota kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaiweka chini ya kichwa cha Muindi.

Wakampandisha kwenye mkokoteni wa watu wa Gikomba waliokuja kutazama. Wenye mkokoteni walivua makoti yao wakamtandikia, wakausukuma polepole, wakikwepa kila shimo, mpaka hospitali. Mwangaza ilikuwa imeshinda. Mashabiki wakaenda Soko la Burma kula nyama.

Usiku Muhidin hakula. Mwanasiti alimfunikia sahani, kisha akaketi karibu naye.

"Nigombeze, mwanangu."

"Nikugombeze kwa kupiga pasi?"

"Nigombeze tu. Piga kelele."

Muhidin alitikisa kichwa. "Goti lilikuwa limejaa maji, Mama. Daktari alisema apumzike, lingepona. Muindi aliniapisha nisimwambie mtu, maana wachongaji wenzake wangesikia wangempa mwingine nafasi yake. Leo aliposikia ana jezi alidhani nimeona goti limepona. Aliniamini."

"Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia. Nikakufokea badala yake."

Wakakaa. Hakukuwa na wa kumlaumu mwenzake, na lawama ilikuwepo, imejaa chumbani kama moshi.

Siku ya fainali, pasi ya Mwanasiti haikuwashwa. Aliwapa wachezaji jezi zilivyotoka kwenye kamba, zote na makunyanzi yake, nao wakazivaa vivyo hivyo. Muhidin alikwenda uwanjani. Timu walikuwa wamemwachia. Mwanasiti alifunga mahamri kwenye kitambaa akaenda hospitali.

Muindi alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa plasta kutoka pajani. Mama yake, Nthoki, alikuwa bado Kitui, habari haijamfikia. Muuguzi alikuwa amemwambia Mwanasiti mlangoni, taratibu, kwamba atatembea, lakini goti halitakunjika tena kama zamani. Mwanasiti aliwajua wachonga vinyago. Hukaa chini, gogo wakalibana kwa nyayo, tezo mkononi, magoti yamekunjwa tangu asubuhi mpaka jioni.

"Shikamoo, Bibi. Leo si fainali?"

"Ni fainali."

"Na umekuja huku!"

Alimmegea hamri vipande vidogo kama mtoto, naye akakubali kulishwa, ingawa mikono yake ilikuwa mizima. Mwanasiti aliona kwamba anakubali kwa ajili yake yeye.

"Mwanangu, ile jezi, kocha hakuwa amekupanga. Niliipiga pasi mimi, kwa akili yangu."

Muindi alitafuna kwa muda. Macho yalikuwa dirishani.

"Nilijua nikishaivaa," alisema. "Nilimwona kocha uso. Ningeivua, Bibi. Lakini ilikuwa bado na joto la mfukoni, nami nilikuwa nimekaa sana."

Mwanasiti akamnyooshea shuka, ingawa ilikuwa imenyooka. Upande wa pili wa wodi kengele ikagongwa, wageni watoke.

"Kocha mbona haji?"

"Anaona haya."

"Mwambie aje. Hata akija kupiga kelele. Huku ni kimya mno."

"Nitamwambia."

Alisimama, akakunja kitambaa chake. Muindi akamshika pindo la leso, akaliachia, kisha akalishika tena.

"Na wewe, Bibi, uje tena. Usilete kitu. Njoo tu."