Mablanketi Yaliyofika Kampala

Edinah alifunga banda lake la kufumia, huko Rongai, wiki ile ile Dhruv alipoacha kununua kwake. Dhruv, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Nakuru, alikuwa na duka Kampala, na ndiye aliyenunua karibu mablanketi yake yote. Lakini serikali ilikuwa imepandisha tena ushuru wa rangi na nyuzi zinazotoka nje, na Edinah akalazimika kupandisha bei.

"Mama, si kwamba nimekuchoka," Dhruv alimwambia kwa simu. "Wafumaji wa Arusha hawatozwi huo ushuru. Blanketi lao likifika hapa, lako haliguswi."

Mwezi uliofuata akapiga tena, amechangamka. "Mzigo umefika. Na bei umeshusha vizuri, hata Arusha hawakufikii."

"Mzigo gani? Mimi sijatuma kitu."

Dhruv akamtumia picha. Edinah akaikuza kwa vidole. Kwenye pindo la kila blanketi kulikuwa na fundo lililopindia kushoto. Mtu mmoja tu alikuwa akifunga hivyo: Chepkurui, aliyemfundisha kufuma na kufanya naye kazi bandani, na ambaye walimzika kabla ya mvua kuanza.

Akampigia simu Cherono, binti wa marehemu, wakaenda bandani pamoja mchana kweupe. Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Ndani, vumbi lilitanda sakafuni bila alama ya mguu, ila kiti cha mtambo wa kufumia wa mwisho kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Blanketi lililofumwa nusu lilikuwa mtamboni, na nyuzi zake Edinah hakuzijua.

"Mama yako alikuwa akisema nini hospitalini?" Edinah akauliza kwa sauti ya chini.

"Kwamba mteja asipotee. Hilo tu, mpaka mwisho."

Kanyagio la mtambo likashuka lenyewe, likapanda. Cherono akasogea, akaliwekea mguu.

"Mama, inatosha," akasema. "Hukushindwa wewe, wala Edinah hakushindwa. Pumzika."

Kanyagio likatulia. Kiti kikaanza kupoa chini ya kiganja cha Edinah.

Dhruv alipoulizia mzigo mwingine, Edinah alimjibu kwamba kwa bei hiyo hakuna mtu aliye hai anayeweza kufuma. Dhruv akadhani ni mzaha, akaagiza Arusha. Edinah aliuza mitambo yote isipokuwa mmoja, ambao sasa anautumia kufumia shali za watoto kwa soko la Nakuru.