Kichupa cha Norman

Mume wangu aliuawa na mavi ya mbwa. Najua hayo si maneno ya kusema mbele za watu, lakini sina mengine, na sitayatafuta.

Kwetu Durham, Uingereza, ukifika umri fulani, serikali inakuletea kifurushi kwa posta. Ndani mna kichupa, kijiti na bahasha ya kurudishia. Unagusisha kijiti kwenye kinyesi chako, unakitumbukiza kichupani, unatuma. Wanatafuta damu ambayo jicho halioni, ili saratani ya utumbo ikamatwe ingali changa. Changu nilikituma upesi. Cha Norman kilikaa nyuma ya birika tangu alipopanda viazi mpaka alipovichimba.

"Nimechimba makaa ya mawe chini ya bahari ujana wangu wote," alisema, "leo nichokonoe mavi yangu kwa kijiti?"

"Usipotuma, sikupikii."

"Nitakula kwa Raymond."

"Raymond hawezi hata kuchemsha yai, bwana wee."

Raymond alikuwa mwenzake tangu mgodini, na sasa wa klabuni. Jumamosi moja Norman alirudi kutoka klabu akicheka peke yake. Akachukua kichupa, akatoka nacho uani, akarudi ameshafunga bahasha. Nilifurahi, nikaipeleka posta kwa mkono wangu. Majibu yakaja: hakuna tatizo. Nikayabandika kwenye friji.

Mwaka uliofuata suruali zake zikaanza kumpwaya. Sahani akawa anaiacha nusu. Nikamburuta kwa daktari, binti mpole, akamuuliza kama anaona damu chooni.

Nikadakia mimi. "Alipimwa, daktari. Safi kabisa. Nilimwandama mwenyewe mpaka akatuma."

"Hongera, mama," daktari akaniambia, akamgeukia tena Norman. "Kwa hiyo damu hakuna?"

Norman alikuwa anaizungusha kofia yake mikononi. "Hakuna," akasema.

Tukaondoka na dawa za tumbo.

Kabla ya Krismasi alianguka kwenye shamba lake la viazi. Hospitalini wakatuambia ni saratani ya utumbo, na imeshafika kwenye ini. Nilipandwa na hasira, nikamgeukia daktari wa zamu.

"Si mlimpima nyie? Si mlisema safi?"

Norman akanivuta mkono wa sweta. "Waache, Maureen. Haikuwa yangu."

"Nini haikuwa yako?"

"Ile tuliyotuma. Ilikuwa ya Fly."

Fly ni mbwa wetu. Raymond alikuwa amemtania klabuni kwamba wale wa maabara hawawezi kutofautisha mavi ya mtu na ya mbwa, na klabu nzima ikashangilia. Mtu aliyeingia shimoni na wenzake miaka yote ile hawezi kukataa mzaha wao. Daktari akainama akajifanya anasoma karatasi.

"Na siku ile kwa daktari?" nikamuuliza. "Na damu ulikuwa unaiona?"

"Nilikuwa naiona."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ulikuwa unajivuna vile, bibie. Ningekuumbua vipi mbele ya yule binti?"

Laiti angekuwa amenidanganya kwa ubaya, nipate pa kuishusha hasira yangu. Nilimpenda na nilitaka kumpiga. Nikamfunika miguu.

Baada ya mazishi tulikwenda klabuni, na wanaume wakala mikate niliyoitengeneza. Kwetu ni lazima rafiki wa marehemu asimame asimulie kisa cha kuchekesha. Raymond akasimama na bilauri yake, akasimulia habari za Fly, mbwa mwenye utumbo mzima kuliko wote Durham. Wakacheka, wengine mpaka wakajifuta machozi. Kisha wakaniona, na kicheko kikakatika.

"Tulidhani baadaye alituma nyingine, Maureen," Raymond akasema. "Kweli tena."

"Na ile uliyotuma wewe, Raymond? Ilikuwa ya nani?"

Akaiweka bilauri mezani. Nikawatazama na wengine, meza baada ya meza, na hakuna aliyeniangalia usoni.